Mama Bado Yuko Herbeira

Cariño, Galisia
20 Septemba 1996

Mwanangu Icía,

Hujambo? Kazi huko Basel inaendaje, na lile joto la chumba cha kufulia mashuka ya hospitali bado linakutesa? Mimi sijambo, ukiacha goti, ukiacha moyo, ukiacha masikio ambayo mashine za kiwanda cha samaki zilikwisha kuyala zamani. Kwa hiyo usipige simu tena kwa jirani. Juzi Generosa kaja mbio kuniita, nikashika mkonga, nikasikia nyuki tu. Wewe niandikie, barua naisikia vizuri.

Nina jambo limenikaa kooni. Nimefanya kosa kubwa, na nimemfanyia mama yako.

Unajua mama yako alikufa hajafika kuhiji kwenye kanisa la Mtakatifu Andrea wa Teixido. Umri wake wote kaishi hapa, safari ya siku moja kwa miguu, na kila mwaka ni maneno yale yale: "Teixido haikimbii, tutakwenda mwakani." Haya, Teixido haikukimbia, kakimbia yeye. Na asiyekwenda akiwa hai atakwenda akiwa maiti, hilo huku kwetu hatubishani. Nikaona bora nimpeleke mwenyewe kuliko kumwacha aende peke yake akitambaa kwa tumbo, amegeuka mjusi au chura, na magari ya siku hizi hayatazami chini.

Basi mwanzoni mwa mwezi huu, asubuhi, nilikwenda makaburini, nikagonga jiwe lake mara tatu, nikamwita kama inavyotakiwa. "Dosinda, inuka, twende Teixido." Tukaondoka. Njia nzima nilikuwa nazungumza naye, maana ukimwita maiti usafiri naye huwezi kumnyamazia kama hamjuani. Nikampa habari za nani kazaa, nani kauza ng'ombe, na padri mpya anavyohubiri kama mtu anayekimbizwa. Tulipopita kanisa dogo la Mtakatifu Julian nikapumzika, nikamsifia bahari iliyokuwa imetulia. Nilifurahi, Icía. Kwa mara ya kwanza tangu nimzike Pasaka sikuwa peke yangu.

Tulipofika juu kabisa, Herbeira, pale ambapo bahari iko chini sana hata mawimbi huyasikii, kifua kikanibana. Nikakaa. Kisha nikalala. Walinzi wa misitu wakanikuta, wakaninyanyua, wakanitia garini, wakafunga mlango, gari likashuka moja kwa moja hospitali. Nilipozinduka kitandani ndipo nikakumbuka. Sikumwambia mama yako kitu. Sikumwambia panda, sikumwambia rudi. Nilimtoa kaburini kwake nikamwacha mlimani.

Na unajua ilivyo: aliyeitwa hawezi kuendelea bila mtu wake wa kumwongoza, wala hawezi kurudi kaburini peke yake. Yuko pale pale nilipoangukia. Na upepo ule, naye asivyoupenda! Na viatu vile vyeusi vinavyombana, ambavyo mimi mjinga ndiye niliyemzika navyo kwa kuwa ndivyo vilivyong'aa.

Daktari kasema mlima sasa basi. Sina mwingine wa kumtuma ila wewe. Njoo, Icía. Ni siku moja tu ya kutembea. Panda mpaka Herbeira umchukue, umfikishe.

Ni mimi baba yako,
Eladio

* * *

Basel
2 Oktoba 1996

Baba,

Pokea salamu zangu na heshima zangu. Mimi mzima, mikono tu imechubuka na sabuni, na joto la kule chini tumeshalizoea.

Barua yako niliisoma ndani ya tramu nikapitiliza kituo changu. Moyo, Baba! Umeuweka moyo katikati ya goti na masikio kama mtu anayetaja vitunguu sokoni. Ulianguka, ulilazwa, nami nakuja kujua leo. Ndivyo mlivyo nyumba ile. Mama aliugua majira yote ya baridi, hukuniambia. Akafa, hukuniambia. Akazikwa, ndipo ukaandika, na barua ikanikuta natoa mashuka kwenye mashine, nikaisoma nimesimama huku mwenzangu anauliza mbona nimeacha maji wazi. Sikumwona mgonjwa, sikumwona maiti, kaburi lenyewe silijui lina rangi gani. Halafu leo unaniambia yuko mlimani, nije nimchukue!

Nimeanza kuhitajika lini?

Wewe ulikuwepo siku ile. Nilisimama jikoni kwenu, mkono una bendeji, nikamwambia, "Mama, Amaro ananipiga. Nimemwacha." Hakuacha kumenya viazi. Akasema, "Vumilia. Sote tulivumilia." Nikamwambia sirudi. Akasema basi hana binti mpaka nirudi kwa mume wangu. Kwa nini? Kwa sababu Amaro ni kijana wa hapo hapo Cariño, harusi kaila kila mtu, na yeye Dosinda aibu hiyo angeiweka wapi akienda kununua mkate. Miaka sita, Baba. Barua zangu zote alinirudishia hazijafunguliwa. Nawe ulikuwa unakaa pembeni unatengeneza redio.

Mama amekufa. Maiti haachwi mlimani. Ulizimia, ukaota ndoto, ndoto ikakuganda. Kunywa dawa kwa wakati, kula supu ya moto, punguza chumvi. Nakutumia soksi za sufu.

Binti yako,
Icía

* * *

Cariño
14 Oktoba 1996

Mwanangu Icía,

Hujambo, na hiyo mikono ipake mafuta. Soksi zimefika. Miguu yangu haijawahi kuvaa kitu cha Uswisi, tangu jana inajidai, haitaki tena kukanyaga zizini.

Kofi umenipiga nami nimelipokea, maana ni haki yangu. Mama yako aliniapisha. Alisema, "Eladio, ukimwita huyo, akiingia tu mimi nageukia ukutani." Nikajiambia atalainika, wagombanao ndio wapatanao, wiki ijayo nitamwandikia Icía hata iweje. Ugonjwa haukungoja wiki ijayo. Nilimtii mke nikakukosea wewe, na kwa hilo nitajuta mpaka siku ya kuingia udongoni.

Kwa kuwa sasa unataka ukweli, chukua wote. Mwishoni hakukuulizia. Generosa alinishauri nikuandikie kwamba alilitaja jina lako, akasema huo ni uongo wenye thawabu. Nilishika kalamu, nikashindwa. Mama yako aliuliza kama kuku wamefungiwa. Nikamwambia wamefungiwa. Akafumba macho. Ni hivyo tu, mwanangu, hakuna zaidi, na laiti kungekuwa na zaidi ningekupa.

Lile neno lake la "sote tulivumilia" nalo limeninyima usingizi. Mimi sikuwahi kumwinulia mkono, wewe shahidi. Sasa alinivumilia nini? Nimemuuliza. Ndiyo, nimemuuliza! Kila Alhamisi Fuco wa mikate hupita Herbeira na gari lake akipeleka mikate vijiji vya upande wa pili. Hunishusha pale juu, hunichukua akirudi. Mama yako yupo. Simwoni, usije ukasema Baba kawehuka, lakini nikitia mguu chini tu mwili unanisisimka na najua amenuna. Nakaa kwenye jiwe upande unaotoka upepo, ajikinge kwa mgongo wangu. Namuuliza, Dosinda, ulinivumilia nini? Hajibu. Kununa kwake unakujua.

Fuco aliniambia, "Mzee Eladio, kwani kazi iko wapi? Mpandishe nyuma kwenye mikate, tumtue Teixido kabla ya saa sita." Nikamwambia, we Fuco, roho ya mtu si gunia la unga. Safari iliyoanza kwa miguu humalizwa kwa miguu. Akacheka sana. Lakini Alhamisi iliyofuata niliona anavua kofia kabla ya kusimamisha gari.

Mimi nimejaribu kumalizia sehemu iliyobaki. Toka pale ni kuteremka tu, nikasema labda. Nikaenda kidogo, kifua kikafunga duka. Nikarudi kukaa.

Baridi inakuja, Icía. Kuna siku pale juu hata farasi wa mwituni wanakimbia wenyewe. Sikuombi umsamehe. Nakuomba umtoe kwenye upepo. Mkishafika Teixido gombaneni mpaka kiyama, mimi sitaingilia.

Baba yako,
Eladio

* * *

Basel
2 Novemba 1996

Baba,

Natumaini moyo unatulia na dawa unakunywa. Mimi nipo.

Leo ni siku ya wafu wote, huku watu wanawasha mishumaa kwenye vikombe vyekundu. Sikuwasha. Sikujua niuweke wapi.

Ahsante kwa kutonidanganya. Nimeisoma sehemu ile ya kuku mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kuku, Baba! Hata mtu angeniambia alinilaani, ningekuwa nimo katika maneno yake.

Siji. Nilikwenda kweli kukata tiketi. Dada wa dirishani akaniuliza tarehe ya safari, na neno likagoma kutoka, watu wa nyuma wakaanza kuguna, nikaondoka. Unajua naogopa nini? Si mlima. Mtu aliyenikana akiwa hai, moto unawaka, sufuria jikoni, atanikubali leo akiwa maiti kwenye upepo? Nitapanda mpaka pale juu nimwite, na hatanifuata. Atakataa kwa mara ya pili. Ya kwanza niliiweza kwa kuwa nilikuwa na hasira. Sasa hasira imepungua na hiyo ya pili sitaiweza.

Alhamisi mwambie asinisubiri.

Icía

* * *

Cariño
20 Januari 1997

Mwanangu Icía,

Hujambo, na mwaka mpya umekuingilia vipi? Mimi naamka, nakunywa kahawa, nawafungulia kuku, nalala. Mtu wa umri wangu akisema hivyo amesema mengi.

Fuco hanipandishi tena. Daktari kamtisha, kamwambia nikimfia garini ataijibu serikali nini. Tangu kabla ya Noeli sijaenda. Wiki iliyopita Herbeira ilikuwa nyeupe juu, watu wa hapa wakatoka nje kuitazama, watoto wakashangilia. Mimi nilifunga dirisha.

Sikuulizi tena kama unakuja. Umeniambia, nimesikia.

Nataka tu nikujibu ule woga wako, maana niliuacha bila jibu na si vizuri. Umeuliza, nikimwita asiponifuata? Hata mimi sijui, mwanangu. Nilikaa naye ndani ya nyumba moja maisha yangu yote ya utu uzima, na hakuna siku niliyojua kwa hakika nikimwita ataitika. Nilikuwa nakwenda kumwita hivyo hivyo. Dosinda, chakula kinapoa. Dosinda, mvua hiyo inakuja, anua nguo. Siku nyingine aliitika, siku nyingine nikaanua mwenyewe.

Chumbani kwako nilikuwa nimetandaza vitunguu vikauke. Nimeviondoa. Si kwa sababu yoyote, harufu ilikuwa imezidi.

Mkono unachoka upesi siku hizi. Barua hii nimeiandika kwa vipande, leo ni kipande cha mwisho.

Baba yako,
Eladio

* * *

Kituo cha mabasi, Coruña
8 Juni 1997

Baba yangu mpendwa,

Hujambo? Kaa kwanza ndipo usome, na ukishtuka ushtuke polepole.

Nimekuja. Jana nilikuwa Cariño. Nilipita mbele ya nyumba asubuhi mapema, taa ya jikoni inawaka, nikakuona kwa nyuma umevaa ile fulana ya kijivu unakoroga kahawa. Umekonda. Sikubisha. Ningebisha ungevaa viatu, ungesema unanisindikiza hadi kona tu, na kona ingekuwa Herbeira. Nakujua. Nisamehe hilo, ingawa mbele lipo la kusamehe kubwa zaidi.

Nilikwenda makaburini. Sikugonga jiwe kwa kuwa hayumo, nilitaka tu nione mahali. Umemwandikia jina vizuri. Nikaanza njia peke yangu, na nikwambie ukweli, nusu ile ya kwanza nilikuwa namgombeza. Nilijipangia maneno kama mtu anayekwenda mahakamani. Nilipita kwa Mtakatifu Julian bila kutazama bahari, nikapanda kwenye vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, jasho linanitoka, na kila nikipata pumzi naongeza shtaka jingine. Mkono wangu, Mama. Barua zangu, Mama. Kuku wako, Mama!

Herbeira ilikuwa na ukungu. Nikalikuta jiwe lako, nadhani ni lile, limelainika upande mmoja. Nikasimama pale nikaita na nikaona haya, nikaita tena kwa sauti, "Mama! Mama we!" Kumbe ndani ya ukungu kuna Wajerumani wawili, mke na mume, na fimbo zao za kutembelea. Wakanijia mbio, wanauliza nimepotelewa na nani. Nikawajibu kwa Kijerumani chao, namtafuta mama yangu. Masikini, yule mama akashika kifua, mume wake anatazama ukingo wa jabali, wanataka kwenda kuita polisi. Nikawaambia hapana, msihangaike, yupo hapa hapa, ni mbishi tu. Walinitazama wee, wakaniachia chokoleti, wakaenda zao.

Walipokwisha kupotea nikamwambia sasa basi, tuko wawili. Maneno yote niliyoyapanga yalikuwa yamekimbia. Nikamwambia, "Mama, ni mimi Icía. Najua si mimi uliyekuwa unamngoja. Baba miguu imemkatalia. Twende."

Hakikutokea kitu. Mwili haukusisimka, upepo haukutulia, hakuna lolote. Nikakaa kwenye jiwe nikalia, kilio kile ambacho ulipoandika amezikwa hakikutoka. Nililia mpaka kwikwi zikanishika. Kisha nikainuka nishuke zangu, nikasema basi, nimekataliwa, nitakufa na hili.

Nikaanza kuteremka, Baba, na baada ya muda nikajikuta natembea polepole. Sikuamua. Wewe unaujua mwendo wangu, mlikuwa mkinipigia kelele tangu mtoto kwamba nakimbia kama nimeiba. Hapo nilikuwa naweka mguu, nangoja, naweka mguu, nangoja, mwendo wa mtu anayefuatana na mwenye viatu vinavyombana. Nilipolitambua hilo sikuthubutu kugeuka. Nilisema tu, "Taratibu, Mama, hatuna haraka."

Na tukaenda hivyo mchana kutwa. Nilimweleza habari za Amaro toka mwanzo, hata zile ambazo wewe hujawahi kuzisikia na sitakuandikia. Hakunikatiza. Mama, ambaye hakuwahi kumwachia mtu amalize sentensi! Nikamuuliza lile swali lako, alivumilia nini. Hakujibu, lakini wala hakuniambia nivumilie. Tulipoona nyoka mdogo wa rangi ya shaba amejilaza katikati ya njia tukasimama tukamngoja avuke, maana naye labda ni mtu na safari yake. Nikakata mkate na jibini, nikamwekea fungu lake juu ya jiwe. Penye rundo la mawe la wanaokwenda Teixido nikaweka jiwe langu, nikaweka na lake. Jioni maneno yakaniishia kabisa. Tukawa kimya, Baba, na si kile kimya cha barua zilizorudi. Kilikuwa kimya cha watu wawili wanaomenya viazi kwenye beseni moja.

Ndipo tukafika. Kanisa jeupe, wanawake nje wanauza vile visanamu vya watakatifu vya unga wa mkate vilivyopakwa rangi. Mmoja akanitazama miguu iliyojaa vumbi, akauliza, "Umemleta nani, binti?" Nikasema mama yangu. Akasema, "Vizuri. Sasa mwache apumzike."

Nikaingia. Nilijua la kufanya, nani asiyejua. Unasema umefika, baki salama na mtakatifu, unatoka, hugeuki nyuma. Nilipiga magoti, nikafungua mdomo, na mdomo ukagoma. Miaka sita nilimngoja aniangalie tu. Nimepewa siku moja. Siku moja, Baba, kisha nimkabidhi pale kama mzigo, nitoke mikono mitupu nikafue mashuka?

Watu wanaompeleka maiti wao kwa basi humkatia kiti cha kwenda. Hakuna anayekata cha kurudi. Mimi nilikata viwili vya kurudi. Dereva aliniangalia, akaangalia pembeni yangu pasipo na mtu, akaelewa, uso ukamkunjamana. Alichana tiketi mbili akanipa. Dirishani nimemkalisha yeye.

Tumelala Cedeira, sasa tuko hapa Coruña, na jioni hii linaondoka basi la Uswisi. Kwako sikuweza kuja. Ungenitazama usoni ungejua, ungesema, "Icía, mrudishe," nami nisingeweza kukukatalia. Ndiyo maana nakimbia. Yuko nami, Baba. Upepo haumpati tena, hilo nakuapia.

Binti yako mkosaji,
Icía

* * *

Cariño
30 Juni 1997

Mwanangu Icía,

Hamjambo nyote wawili?

Barua yako niliisoma nimekaa kama ulivyoagiza, kisha nikaisoma nimelala. Nilikasirika, nisikufiche. Nilikuita mwizi, kwa sauti, peke yangu uani, kuku wakatawanyika. Umemwibia mtakatifu na umeniibia mimi. Halafu nikaanza kucheka. Dosinda Uswisi! Mwanamke aliyekataa kwenda Ferrol kwa binamu yake kwa kuwa maji ya Ferrol hayana ladha. Generosa akaja kuuliza mzee unacheka nini, nikamwambia mke wangu amesafiri.

Kwa kuwa yuko huko, mtunze. Kahawa yake nyepesi, maziwa mengi. Usimwache chumbani peke yake ukienda kazini, nenda naye kule kwenye mashine, joto litamfaa. Akinuna mpe muda. Zungumza naye, hata kama huna la maana, mwambie bei ya mashuka.

Lile la kupita mlangoni bila kubisha ndilo limeniuma kuliko yote. Nimelirudia mara nyingi, naweka sufuria pale pale, nasimama pale pale, nageuka kutazama dirishani. Ningegeuka tu siku ile. Kahawa ilikuwa imekwisha kukorogwa, sijui nilikuwa nakoroga nini.

Sasa nisikilize. Kuna jambo sikukwambia, nilidhani liko wazi. Mimi pia sijafika Teixido. Ningeendaje bila yeye? Kila mwaka nilikuwa namngoja, naye kila mwaka anasema mwakani. Kwa hiyo nilikuwa namtanguliza, Icía. Nilitaka zamu yangu ikifika nimkute ameshafika kule, amekaa mahali, ananing'unikia kwamba nimechelewa. Mimi ni mtu wa kuambiwa nikae wapi. Sasa nikifika kule nitamkuta nani?

Na zamu yenyewe haiko mbali. Daktari ameacha kunikataza chumvi. Nilimuuliza juzi kama naweza kula nyama ya kuhifadhiwa kwa chumvi, akasema kula, mzee, kula upendacho, akanishika bega. Nimekula. Ilikuwa tamu sana.

Nimemwapisha Generosa akuandikie siku hiyo hiyo, na apige simu hospitali kwenu, hakuna kufichana tena katika nyumba hii. Ukipata habari, usilie kwanza. Mchukue mama yako mpande basi mje. Chumba chako kiko tayari, mlale, mpumzike. Asubuhi mje makaburini mnigongee jiwe, mniite msininong'oneze. Tutakwenda watatu. Mwendo utakuwa wa polepole, utatuvumilia. Pale Herbeira tutakaa kidogo, nataka kuitazama bahari bila kifua kunibana.

Kisha utufikishe. Uingie nasi mpaka ndani, useme mmefika, bakini salama, hata kama unalia, sema huku unalia, tutakuelewa. Toka, usigeuke. Na kwenye basi la kurudi, mwanangu, ukate tiketi moja.

Baba yako,
Eladio